Elimu na Amali



Wazee wa pwani wana neno wasemalo: Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Amali ni kazi, ni kutenda. Na nta kila mtu aijua. Ni kitu chema, huziba na huwaka, lakini mtu apandaye mtini usiku penye mzinga, akaumwa na nyuki, hakufuata nta peke yake. Neno hili twalisema mara nyingi, na twalikubali upesi, kama tukubalivyo mambo mengi tusiyokusudia kuyafanya. Basi mwezi huu nataka tulitazame polepole, maana vijana wetu wengi sasa wako vyuoni, na wazazi wengi wauza mbuzi na mahindi ili wakae huko.

Swali langu ni hili. Je, yafaa mwanafunzi wa chuo afanye kazi ya kweli wakati uo huo anaposoma, kazi ya kiwandani, ya shambani, ya hospitali, ya ofisini, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya masomo yake? Na kama yafaa, twatambuaje wakati kazi hiyo ni elimu, na wakati ni utumishi wa bure uliovikwa kanzu ya elimu? Swali la kwanza ni jepesi kidogo. La pili ndilo zito, nami nitakaa juu yake zaidi.

Na tuanze na neno tulilo nalo midomoni kila siku, yaani mwanafunzi. Siku hizi mtu akisikia mwanafunzi huona dawati, kitabu na kalamu. Lakini tangu zamani neno hili lilitumika pia kwa kijana aliyekaa na fundi ili ajifunze kazi yake. Mwana wa mtu alitolewa nyumbani akawa mwana wa kufunzwa. Katika pwani yetu kijana aliyetaka kuunda majahazi hakupewa tezo siku ya kwanza. Alichukua mbao, akashika upande wa pili wa msumeno, akasokota nyuzi za pamba za kalafati, akavuta upinde wa keekee mpaka mkono ukauma. Huku akitazama. Baada ya miaka akaujua ubao utakaokubali kupindwa na ule utakaopasuka, wala hakuna aliyemwandikia neno hilo ubaoni. Bara nako waliokuwa wakifua chuma walisema: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake, hata asiyeweza bado kushika nyundo, ana mahali pake penye moto. Avukute, na kwa kuvukuta atajifunza rangi ya chuma kilichoiva.

Nasi tulio Wakristo twasoma habari za wanafunzi wa namna hiyo kila Jumapili, ila labda hatujaangalia. Wale kumi na wawili hawakufundishwa kwa maneno tu. Walitembea na Mwalimu wao njiani na majini, kisha wakatumwa wawili wawili kufanya kazi ile ile waliyoiona kwake. Na walipokwisha, wakarudi wakamweleza yote waliyoyatenda. Angalieni mambo hayo matatu: kufundishwa, kutumwa, na kurudi kueleza. Nitayarudia mbele.

Basi kama mambo ni hivi, imekuwaje kazi ya mikono ikatengana na elimu hata kijana akaona haya kuonekana na jembe akiwa amekwisha kupata cheti? Mimi ni mwalimu, nami naona sababu moja iko shuleni kwenyewe. Mtoto akichelewa, katika shule nyingi, hupewa jembe. Akipiga kelele, hupewa ndoo ya maji. Akikosa hesabu, hufagia uwanja. Yule aliyefanya vema hukaa darasani asome. Miaka saba mtoto huona hivyo, tena miaka mingine minne, wala hatuhitaji kumwambia kwa maneno kwamba kazi ni adhabu na kitabu ni thawabu; amekwisha kufundishwa, tena kwa somo asilolisahau. Kisha afikapo chuoni twashangaa anachagua kazi. Mchagua jembe si mkulima, twasema; lakini ni nani aliyemfundisha kuchagua?

Sasa nitawapa habari za mji mmoja wa Marekani, kwa sababu huko jambo hili lilijaribiwa kwa mpango, na matunda yake yameonekana kwa zaidi ya miaka mia. Mji huo ni Cincinnati, katika jimbo la Ohio, mji uliojulikana kwa karakana za kuunda mashine. Alikuwako mwalimu jina lake Herman Schneider, aliyezaliwa mwaka 1872 katika nchi ya makaa ya mawe ya Pennsylvania. Yeye mwenyewe alisoma huku akifanya kazi. Alipokuwa akifundisha uinjinia katika chuo cha Lehigh alichungua jambo moja: wale waliotoka chuoni wakasifiwa kazini, walikuwa wamesoma nini zaidi ya wenzao? Akaona kwamba wengi wao walikuwa ni wale waliofanya kazi kwa mikono yao, ama wakati wa likizo, ama huku wakisoma kwa ajili ya umaskini. Watu walidhani umaskini uliwapunguzia elimu. Yeye akaona kazi iliwaongezea.

Mwaka 1903 alihamia Chuo Kikuu cha Cincinnati, na mwaka 1906 aliruhusiwa kujaribu shauri lake kwa vijana 27. Mpango ulikuwa mwepesi kueleza. Vijana waliwekwa wawili wawili. Juma hili mmoja yuko chuoni asoma hesabu na elimu ya nguvu za vitu, na mwenziwe yuko karakanani amevaa nguo za kazi. Juma la pili hubadilishana. Hivyo tajiri wa karakana hakukosa mtu penye mashine hata siku moja, na chuo hakikukosa mwanafunzi. Masomo yalichukua miaka sita badala ya minne. Na vijana walilipwa ujira kama wafanya kazi.

Schneider alikuwa na sababu mbili, nazo ni za mtu mwenye akili ya nyumbani. Ya kwanza ni gharama. Alisema chuo hakiwezi kununua kila mashine mpya, maana zabadilika upesi, na ile iliyonunuliwa mwaka huu baada ya miaka michache ni chuma cha kale. Lakini mashine mpya ziko tayari mjini, katika karakana, na mafundi wanaozijua wako hapo hapo. Kwa nini chuo kijenge karakana ya mchezo, na ya kweli iko ng'ambo ya barabara? Sababu ya pili ni kwamba kuna mambo yasiyofundishika darasani kabisa: jinsi ya kupokea amri, jinsi ya kusema na mfanya kazi mzee asiyejua kusoma lakini ajua kazi kukupita, jinsi ya kuona hatari kabla haijafika, na kujua kama kazi hii yakufaa au haikufai. Ni heri kijana ajue katika mwaka wa kwanza kwamba hawezi kuvumilia kelele za karakana kuliko kujua akiwa na cheti mkononi na madeni ya baba yake mgongoni.

Jambo jingine katika mpango huo ndilo nionalo kuwa moyo wake, ingawa wengi walioiga mpango wamelisahau. Alikuwako mwalimu wa kuunganisha. Kazi yake ilikuwa kwenda karakanani akawatazama vijana wanafanya nini, kisha akakutana nao chuoni akawauliza maana ya walichokifanya. Kwa nini chuma hiki hupozwa kwa mafuta na si kwa maji? Kwa nini mkanda huu wateleza? Kijana aliyekuwa amefanya tu, sasa hana budi afikiri. Na aliyefikiri tu, juma lijalo hana budi afanye. Mkristo asomaye habari hizi atakumbuka yale matatu niliyoyataja: kufundishwa, kutumwa, na kurudi kueleza.

Jaribio hilo halikufa. Mwaka 1909 lilianzwa Boston katika chuo kiitwacho sasa Northeastern. Mwaka 1921 chuo cha Antioch katika Ohio, chini ya Arthur Morgan, kililipeleka nje ya uinjinia, likawa la wanafunzi wa masomo yote, hata waliosoma historia na lugha. Mwaka 1957 huko Kanada chuo cha Waterloo kilianzishwa juu ya msingi huo huo. Na Schneider mwenyewe, aliyekuwa amedhaniwa mtu wa ndoto, alifanywa mkuu wa Chuo Kikuu cha Cincinnati tangu mwaka 1929 mpaka 1932.

Watakuwako watakaosema: Kazi yapoteza wakati wa kusoma, elimu ya ndani yataka utulivu. Neno hili si la kudharau. Yako mambo, kama hesabu za juu, ambayo mtu hayapati ila kwa kukaa nayo peke yake siku nyingi. Lakini nami nauliza: ni nani kati yenu, akiwa na uvimbe tumboni, atakubali kupasuliwa na daktari aliyesoma vitabu vyote vya mwili wa mwanadamu wala hajapata kugusa mgonjwa? Hakuna. Kwa udaktari sisi sote twajua bila kuambiwa kwamba mtu hajasoma mpaka ametenda. Huko Baltimore, katika shule ya udaktari ya Johns Hopkins iliyofunguliwa mwaka 1893, William Osler aliwaingiza wanafunzi wodini, wakawa na wagonjwa wao wa kuwaangalia na kuwaandikia habari chini ya macho ya wakubwa wao. Na leo ulimwenguni kote daktari hufunzwa penye kitanda. Basi ikiwa mwili wataka daktari aliyetenda, daraja je, halitaki? Na udongo wa shamba lenu? Na watoto wenu darasani? Daktari asiyejua huua mmoja mmoja. Mjenga daraja asiyejua huua basi zima. Na mwalimu asiyejua huharibu kijiji polepole wala hakuna aliaye matanga.

Tena upande wa pili niuseme, ili nisionekane mpenda nyundo tu. Yuko fundi aliyejifunza kwa kutazama peke yake. Ajua kuchanganya saruji na mchanga kama alivyofundishwa na bwana wake, na nyumba zake zasimama. Siku moja apewa mchanga wa pwani wenye chumvi, achanganya vile vile, na nondo za chuma zaliwa na kutu ndani ya ukuta, ukuta wapasuka. Alijua vipi, hakujua kwa nini. Mkono usiofundishwa sababu hurudia; hauwezi kugeuka mambo yanapogeuka. Ndiyo maana wazee hawakusema amali bila elimu yatosha. Walitaka asali na nta katika mzinga mmoja.

Hata hapa nadhani wengi wenu mwakubali. Sasa na tuje kwenye swali zito, maana si kila asemaye ‘kazi ni elimu’ ana nia njema.

Miaka 25 kabla ya jaribio la Cincinnati, yaani mwaka 1881, katika Alabama, ilifunguliwa shule ya Tuskegee kwa ajili ya watu weusi. Mkuu wake alikuwa Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa utumwani. Shule ilianza bila nyumba ya kufaa, nao wakaazimia kujenga wenyewe kwa matofali yao wenyewe. Wanafunzi waliingia shimoni, tope likiwafika magotini, na wengine wakaondoka kwa kuona haya. Wazazi nao walipeleka barua kwamba hawakuleta watoto wao kufanya kazi bali kusoma vitabu. Tanuri la kwanza liliharibika, la pili likaharibika, la tatu likaharibika. Washington aliweka saa yake rehani kwa dola 15, wakajaribu tanuri la nne, nalo likafaulu. Hata alipoandika kitabu cha maisha yake mwaka 1901 walikuwa na majengo 40, na yote ila manne karibu yalijengwa na wanafunzi. Na jirani zao wazungu, hata wale wasiokuwa na uhusiano nao, walikuja kununua matofali.

Habari hii ni njema, na kila mwalimu angependa kuisimulia mpaka hapa, kisha akae. Lakini iliyobaki ndiyo itufundishayo. Mwaka 1903 W. E. B. Du Bois, mtu mweusi wa kwanza kupewa udaktari wa elimu katika chuo cha Harvard, alimjibu Washington kwa maandishi. Hakudharau kazi ya mikono. Alichokiogopa ni kwamba watu wenye nguvu watasema: Mtu mweusi amepewa nyundo, inatosha, elimu ya juu ya nini kwake, na kura ya nini? Aliona kwamba mlango wa karakana waweza kufunguliwa kwa makusudi, ili mlango wa chuo kikuu ufungwe kimya kimya. Du Bois aliishi miaka mingi baadaye, akafa Accra mwaka 1963 akiwa raia wa Ghana.

Wala ubishi ule haukubaki Marekani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyekuwa amefundisha Hampton, shule aliyosoma Washington. Pamoja naye alikuwako Aggrey wa Gold Coast, ambaye wazee wetu walimsikiliza kwa furaha. Tume ilishauri elimu ya Mwafrika ifuate maisha yake ya kijijini: kilimo, afya, ufundi. Mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete katika Kenya, kufundisha waalimu watakaozunguka vijijini. Kazi nyingi njema zilifanyika. Lakini wazazi wengi walitia shaka, nao walikuwa na sababu. Waliona mtoto wa mtawala hafundishwi kulima. Husoma, kisha hutawala. Wakauliza: Kama jembe ni elimu nzuri hivyo, mbona hamlipeleki shuleni kwa watoto wenu? Swali hili lilikuwa la haki, na halikupata jibu.

Basi nani alikuwa na haki, Washington au Du Bois? Mimi naona hivi. Washington alisema kweli juu ya kazi, na Du Bois alisema kweli juu ya mlango. Ubaya haumo katika tofali wala katika jembe. Umo katika kinywa kisemacho ‘hii yakutosha’. Tazameni tofauti. Kijana wa Cincinnati aliingia karakanani akapakwa mafuta na masizi, lakini hakuna aliyemwambia mwisho wake ni hapo. Mbele yake palikuwa na digrii, na kila saa ya kazi ilimsogeza kuifikia. Kazi ile ile, jasho lile lile. Kwa mmoja ilikuwa ngazi, na kwa mwingine wengi walitaka iwe ukuta.

Nchi yetu ya Tanzania nayo ilipita hapo. Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe na mashamba, wanafunzi wazalishe, wapange wenyewe kazi yao na mapato yake, na msomi asijione mgeni kijijini kwao. Wala safari hii hapakuwa na watoto wa kubagua. Lilikuwa la wote. Lakini katika shule nyingi shamba lilibaki shamba, na darasa likabaki darasa. Wanafunzi walilima asubuhi wakasoma mchana, wala somo la mchana halikuuliza lolote juu ya mahindi ya asubuhi. Shauri halikukosa wema. Lilikosa yule mwalimu wa kuunganisha. Jembe bila swali ni jembe tu.

Kutokana na hayo yote nachuma alama nne, ambazo mzazi yeyote aweza kuzitumia kupima kazi apewayo mwanawe na chuo.

Alama ya kwanza: yuko mwalimu afuataye. Kijana akipelekwa kazini asione mwalimu wake mpaka siku ya kupewa alama, huyo hakutumwa, ametupwa. Kutumwa kuna kurudi kueleza.

Ya pili: kazi yapanda. Mwana wa mhunzi huvukuta, ni kweli, na mtu asione aibu kuanza kwa kufagia karakana. Lakini mwana wa mhunzi havukuti maisha. Siku hizi vijana wengi wa vyuo hupelekwa majuma kadhaa maofisini kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Namjua kijana mmoja, mwana wa jirani, aliyesomea hesabu za fedha. Baba yake aliuza mbuzi watatu apate kodi ya chumba mjini. Majuma manane alinunua chapati za makarani, akachemsha chai, akapeleka mafaili ghorofa ya juu akayarudisha. Kitabu cha hesabu cha ofisi ile hakukiona hata jalada. Mwisho wakatia sahihi kwamba amejifunza vema. Ile sahihi ilikuwa uongo, na uongo huo ulilipiwa kwa mbuzi watatu wa mtu maskini.

Ya tatu: mtenda kazi astahili ujira wake. Ikiwa kijana bado ni mzigo kwa wenye kazi, na mafundi wapoteza saa zao kumwelekeza, basi kufunzwa kwenyewe ni malipo, wala asidai zaidi ya nauli na chakula. Lakini ikiwa amechukua mahali pa mfanya kazi, na tajiri amepata faida kwa mikono yake, kumnyima ujira kwa kusema ‘wewe wajifunza’ ni wizi, hata kama wizi huo una mhuri. Iko Berea, katika Kentucky, chuo kilichoanzishwa mwaka 1855 na John G. Fee, mtu aliyepinga utumwa. Tangu mwaka 1892 wanafunzi wake hawatozwi ada ya masomo, na kila mmoja, bila kujali anasomea nini, hana budi afanye kazi saa zisizopungua 10 kila juma, naye hulipwa. Hapo hakuna mwanafunzi wa kufagia na mwanafunzi wa kufagiliwa.

Na chini ya alama hii ya ujira niweke neno juu ya binti zetu, maana hulinong'ona wao kwa wao, wazazi hawasikii. Wako wakubwa wa kazi ambao, kabla ya kutia sahihi karatasi ya msichana, hudai malipo ambayo si haki yao na ambayo hayatajwi mezani. Chuo kinachopeleka binti mahali bila kujua amekabidhiwa kwa nani, kimemkabidhi mbuzi kwa chui. Na mzazi asimwambie binti yake ‘vumilia upate cheti’. Yako mambo ya kuvumilia, kama joto na matusi ya fundi mchovu. Hili si mojawapo.

Ya nne: mlango wa juu u wazi. Ulizeni: Baada ya kazi hii, kijana aweza kuendelea mbele katika elimu kama mwenzake asiyeifanya? Na watoto wa wakubwa, nao waifanya? Ikiwa kazi ni ya watoto wa maskini tu, na watoto wa wenye nguvu wamekwisha ondolewa kwa barua, basi lile swali la wazee wetu wa zamani lingali na haki, nasi tuliulize tena kwa sauti.

Sasa, wasomaji, mtasema: Mambo haya ni ya wakuu wa vyuo na matajiri wa viwanda, sisi wa kijijini tufanye nini? Tunayo ya kufanya. Ninyi mafundi, seremala na waashi na wenye mashine za kusaga, na ninyi wauguzi wa zahanati: akija kijana wa chuo kuomba kujifunza, msimcheke kwa kuwa mikono yake laini. Mpeni kazi inayopanda, na akiuliza kwa nini, msimwone mjuvi. Huenda swali lake likawafundisha ninyi pia. Ninyi waalimu wenzangu, ondoeni jembe katika orodha ya adhabu. Mtoto aliyefanya vema ndiye apewe heshima ya kupanda mti wa shule, na jina lake likumbukwe penye kivuli chake.

Na ninyi wazazi, mwanenu akirudi likizo msimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulizeni maneno mawili: Umefanya nini kwa mikono yako? Na je, wajua kwa nini hufanywa hivyo? Akiweza kujibu la kwanza peke yake, amefunzwa nusu. Akiweza la pili peke yake, amefunzwa nusu. Asipoweza lolote, andikeni barua chuoni, au pandeni basi mwende wenyewe, mkaulize kwa adabu lakini mkaulize. Maana ninyi ndio mliolipa, na huyo ni mwana wenu.

Kijana aliyefundishwa kwa elimu na amali pamoja hamdharau mtu wa jembe, kwa sababu amelishika. Wala hamwogopi mtu wa kitabu, kwa sababu amekisoma. Kijiji chenye watu kama hao hakitapata kuambiwa na mtu yeyote: Hii yawatosha.